Kozi ya wiki nane ya kuzeeka kwa utulivu: nyota tatu na nusu, na kengele iliyoniumbua

Nianze na nyota kabisa ili mwenye haraka asome aende zake: tatu na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa sababu ya tangazo lao, linadanganya, na nyota moja nzima nimeikata kwa ile siku ya kukaa kimya ambayo waliiendesha hovyo. Zilizobaki ni haki yao. Moja kati ya hizo kusema kweli ni ya kengele, ntafika huko.

Mi nina miaka 58. Kozi yenyewe sikuitafuta, binti yangu ndo aliilipia baada ya kuchoka kunisikiliza. Kila nikikaa naye nilikuwa na jipya la kulalamikia, mara goti, mara shingo imeanza kulegea, mara nimepigwa picha kwenye harusi ya watu halafu nikiiangalia nauliza huyu bibi aliyekalia kiti changu ni nani. Akaniambia, "Mama, wewe kila asubuhi unaamka unagombana na mtu mmoja tu, na mtu mwenyewe yuko kwenye kioo." Nilicheka lakini iliniingia. Wiki hiyohiyo nikapokea ujumbe kwamba nimeandikishwa kozi ya mtandaoni, wiki nane, ya watu wa miaka 50 kwenda juu, kujifunza kuzeeka kwa utulivu. Jina la kampuni naliacha, sina ugomvi nao wa kiasi hicho, na pia kozi za aina hii siku hizi ziko nyingi na zimefanana kama mapacha, kwa hiyo mengi nitakayosema yatakufaa hata ukikutana na nyingine.

Zinafanana kwa sababu karibu zote zimetoka tumbo moja. Mwaka 1979 bwana mmoja anaitwa Jon Kabat-Zinn, kwenye chuo cha udaktari cha Massachusetts huko Marekani, alianza kuwachukua wagonjwa ambao madaktari walishawafanyia walichoweza na bado maumivu hayaishi, akawafundisha meditesheni, yaani kukaa kimya ukituliza akili, iliyotoka kwa Wabudha ila bila kuwabebesha dini. Wiki nane, darasa mara moja kwa wiki la saa mbili na nusu hivi, mazoezi ya nyumbani kama dakika 45 kila siku, na siku moja nzima ya ukimya karibu na wiki ya sita. Hiyo ndo ramani. Hawa wa kwangu wameibeba ilivyo wakapaka maneno ya uzee juu yake. Wenyewe wanaita maindifulnesi. Kwa Kiswahili cha kawaida ni kuwa hapohapo ulipo, akili isitangulie wala isibaki nyuma, unachokiona ukione na unachokisikia ukisikie kabla hujakitolea hukumu. Ukisoma hivi unaona rahisi. Jaribu dakika tatu tu halafu njoo uniambie.

Sasa tangazo. Ukurasa wa kujiandikisha una picha ya mama mwenye nywele nyeupe pee, uso hauna hata mkunjo mmoja, kafumba macho anatabasamu kama kaambiwa siri. Mi hiyo picha peke yake ilitaka kunitoa kwenye kozi, maana kama mnanifundisha kukubali uzee mbona mnanionyesha mzee ambaye hajazeeka? Chini yake wakaandika kwamba ukimaliza wiki nane ubongo wako utarudi ujanani na kumbukumbu itakuwa kali kama zamani. Mi nikiambiwa kitu kikubwa hivyo huwa naenda kusoma, na nikasoma. Huko Ufaransa walichukua watu 137 wa miaka 65 na zaidi, wengine wakafundishwa meditesheni miezi 18, wengine wakafundishwa Kiingereza, wengine wakaachwa waendelee na maisha yao, majibu yakatoka 2022: zile sehemu za ubongo walizokuwa wanazipima hazikutofautiana ukubwa kati ya makundi. Mwaka huohuo Marekani kukatoka majibu ya watu 585 wa miaka 65 hadi 84 waliokuwa wanalalamika kwamba wanasahausahau, waliofundishwa hiihii kozi ya wiki nane, waliopewa mazoezi ya mwili, na waliopewa vyote viwili, na kwenye vipimo vya kumbukumbu hakuna aliyewazidi wale waliopewa somo la kawaida la afya. Sasa miezi 18 haijafanya, wewe unaniambia wiki nane.

Siyo kwamba hamna kitu kabisa, tusiwe wabaya. Mwaka 2014 walikusanywa wataalamu wakapitia majaribio 47 yenye watu 3,515 wakakuta meditesheni ya namna hii inapunguza kiasi wasiwasi, huzuni na maumivu. Kiasi, siyo miujiza. Kuhusu usingizi na uzito hawakupata ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo wangeandika "utapunguza kiasi kugombana na mwili wako" mi ningelipa, na wangekuwa wamesema ukweli, lakini nadhani kuna mtu wa matangazo pale aliona haivutii.

Wiki ya kwanza ni zabibu kavu. Kila kozi ya hivi inayo zabibu kavu, unaishika, unaiangalia, unainusa, unaisikiliza (ndiyo, unaiweka sikioni), halafu unaitafuna polepole utadhani ni ya mwisho duniani. Sikuona maana, nikaila, tukaendelea.

Wiki ya pili na ya tatu ndo kuna kitu. Wanakulaza chini, mwalimu anapita na wewe mwilini kipande kwa kipande, kuanzia vidole vya mguu wa kushoto, unyayo, kisigino, taratiibu hadi utosini, dakika 45. Wiki nzima ya kwanza ya zoezi hili nililala usingizi kabla hatujafika gotini. Niliona aibu nikamwandikia mwalimu, akanijibu vizuri sana kwamba watu wa umri wetu usingizi mzito hupungua usiku, tunaamkaamka, kwa hiyo mwili ukipata nafasi mchana unaidaka, nisijilaumu ila nijaribu nikiwa nimekaa. Huyu mwalimu ni sababu kubwa ya hizo nyota tatu, mwenyewe ana zaidi ya miaka 60, anavaa miwani anaivua anaisahau kichwani anaitafuta mbele yetu, hajifanyi.

Nikakaa kwenye kiti. Siku ya tatu au ya nne tukafika gotini nikiwa macho. Na goti langu mi nalijua, miaka sita nasema "goti linauma", ukiniuliza habari za asubuhi nakujibu goti. Mwalimu akasema usiseme linauma, sema ni nini hasa kipo hapo sasa hivi. Nikatulia nikaangalia. Kumbe hapo asubuhi hakukuwa na maumivu kabisa, kulikuwa na ugumu, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi, uko upande wa nyuma ya goti, na ukitembea dakika kumi unayeyuka. Maumivu yenyewe yanakuja jioni, upande wa ndani, mahali padogo naweza kupafunika na kidole gumba, na yanakuja nikishuka ngazi, nikipanda hayaji. Miaka sita! Nilikuwa na neno moja kwa vitu viwili tofauti, na hilo neno lilikuwa linauma kutwa nzima hata goti lenyewe likiwa limepumzika. Sijui kama nimeeleweka. Goti halijapona na halitapona, lakini saa za kuumwa kwa siku zimepungua kwa sababu sasa nahesabu zile za goti tu, zile za kichwani sizihesabu.

Basi, kengele.

Wiki ya nne ni ya kusikiliza. Tuko kumi na wawili kwenye Zoom, kila mtu kwenye kiboksi chake. Mwalimu ana kibakuli cha shaba anakigonga na kijiti, kinalia, sauti inakwenda inafifia inafifia. Zoezi ni fupi: fumba macho, sikiliza, ukiona sauti imeisha kabisa nyanyua mkono. Akagonga. Nikasikia ngoo, ikaenda kidogo, ikaisha, nikanyanyua mkono. Nikafumbua macho kuona wenzangu. Wote kumi na moja mikono chini. Wamefumba macho wametulia tuli, kuna baba mmoja anatabasamu kabisa. Nikasema moyoni hawa wazee wamelala. Sekunde zinakwenda, mkono wangu uko juu peke yake kama mwanafunzi anayeomba kwenda chooni. Halafu mmoja akanyanyua, wa pili, wa tatu, taratibu, hadi wote.

Akarudia mara tatu. Mara ya tatu nikaamua nisubiri, nisiwe wa kwanza, nikakaa kwenye ukimya mtupu nahesabu, nikafika sita, nikafungua jicho moja, bado mikono yote chini. Nikashusha kichwa.

Kosa likawa la intaneti, bila shaka. Nikawaandikia huduma kwa wateja barua ndefu ya hasira kwamba sauti yao mbovu inakata kengele, na hapa niwatendee haki, walijibu siku hiyohiyo, wakasema ni kweli Zoom huwa inachukulia sauti za kengele kama kelele inazipunguza, ila upande wa mwalimu hiyo setingi ilishazimwa, na wenzangu wote wanasikia, nijaribu spika nyingine za masikioni. Nikaazima za binti yangu. Kengele ikaisha palepale. Nikampa yeye avae, nikagonga rekodi, nikamwangalia usoni. Akanyanyua kidole muda mrefu baada ya mimi kuacha kusikia. Akavua zile spika akaniangalia, hakusema kitu, akanishika mkono.

Sasa hapo ndo kozi ilianza kwangu, kabla ya hapo ilikuwa mazoezi tu. Kwa sababu ghafla vitu vya miaka mitatu minne vikajipanga. Mjukuu wangu ana miaka mitano, ana kasauti kembamba, nilikuwa nasema huyu mtoto hajui kuongea vizuri, anameza maneno. Saa ya mezani ambayo nilidhani imekufa. Watu kwenye mikutano ambao "siku hizi wananong'ona". Mi nilikuwa nimeuweka uzee kwenye mikunjo na goti, napigana nao huko kwa nguvu zangu zote, kumbe umepita mlango mwingine umeshakaa umekunja miguu.

Na mwalimu wiki ya tano, somo lilikuwa kukubali, akasema kitu ambacho nilikiandika. Kwamba watu wanasikia neno kukubali wanadhani ni kukata tamaa, kunyoosha mikono, haya uzee nichukue. Yeye anasema kukubali ni kuacha kubishana na kilichokwisha kutokea ili mikono yako iwe huru kufanya kinachowezekana. Mtu anayebishana kwamba anasikia vizuri haendi kupima masikio. Hili wazo si lake peke yake, kuna tiba nzima ya kisaikolojia imejengwa juu yake, aliianzisha Steven Hayes wa Marekani miaka ya 1980, kwamba ukubali kilichopo moyoni bila kukikimbia halafu uelekeze miguu kwenye kile unachokithamini. Mi ninachokithamini ni kusikia mjukuu wangu anasema nini. Nikaenda kupima.

Mpimaji akanionyesha mstari wangu kwenye karatasi, upande wa sauti nzito uko sawasawa, ukienda upande wa sauti nyembamba unaporomoka kama kilima. Akanieleza ndani ya sikio kuna vijinywele vidogo sana, vya sauti nyembamba viko mwanzoni mwa njia, ndo vinachakaa kwanza, na kwa binadamu vikifa havioti tena. Herufi kama s, f na th zinakaa huko juu, kwa hiyo unasikia mtu anaongea ila hushiki maneno, na unamlaumu yeye. Akasema pia tusichukulie mchezo, ile tume ya jarida la udaktari la Lancet inayofuatilia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu imeweka kutosikia kwenye orodha ya vihatarishi vinavyoweza kushughulikiwa, kwenye ripoti ya 2024 viko 14. Kwa hiyo tazama mambo yalivyo: tangazo liliniahidi ubongo, meditesheni haikunipa ubongo, lakini imenisukuma nikaweke mashine za kusaidia kusikia masikioni ambazo labda ndo zitausaidia ubongo. Hilo wangeliweka kwenye tangazo ningewapa tano.

Mashine zenyewe ni mada nyingine, niseme tu siku ya kwanza nilidhani kuna mtu ananifuata nyumbani kumbe ni nguo yangu mwenyewe inasuguana, na mfuko wa plastiki sasa hivi ni adui yangu. Inachukua wiki kadhaa ubongo kuzoea. Na hapo mazoezi ya kozi yakanisaidia kwelikweli, kelele inakuja, unaiona kelele, hiyo hapo, haijakutukana, inapita. Kuna wenzangu wanazivua wanaziweka kwenye droo na hawazirudii, na mi najijua, bila ile kozi zangu zingekuwa droo hiyohiyo.

Haya, mabaya.

Siku nzima ya ukimya, wiki ya sita. Saa sita mfululizo, simu huangalii, huongei, huandiki, unakaa, unatembea polepole, unalala chini, unakaa tena. Ana kwa ana huenda ni nzuri, sijui. Mtandaoni, na wazee, waliipanga kama sisi ni askari. Hakuna aliyeuliza nani ana mgongo, nani anahitaji kwenda haja kila saa, nani anatumia dawa kwa muda maalumu. Mapumziko mawili tu. Saa ya nne kompyuta ya mwalimu ikazima, tukabaki kumi na wawili tumefumba macho tunangojea kengele, dakika ishirini na kitu, hakuna anayejua kama huo ndo ukimya wenyewe au kumeharibika. Mtu wa ofisini hakuwepo. Mi nilisubiri kwa nidhamu nikidhani tena ni masikio yangu!

Na kubwa zaidi ya hilo. Kwenye kundi letu kulikuwa na mama aliyefiwa si muda mrefu. Siku ile ya ukimya ilimlemea, tuliona tu kiboksi chake kimezimwa, na wiki iliyofuata hakurudi. Nimewauliza kama mwanzoni walimuuliza chochote kuhusu hali yake, fomu ya kujiandikisha inauliza jina, umri na njia ya malipo, basi. Hii si sawa. Kukaa kimya na akili yako si kitu kitamu kwa kila mtu kila wakati, yuko mtafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Willoughby Britton, miaka mingi anafuatilia watu ambao meditesheni iliwaletea hofu, kukosa usingizi, kumbukumbu mbaya kurudi. Wanaouza hizi kozi wanalijua hilo, au wanatakiwa walijue. Maswali matatu kwenye fomu yangetosha, na namba ya kupiga ukizidiwa. Nyota nzima nimeikata hapo na sitairudisha hadi wabadilishe.

Apu yao inafanya kazi. Maandishi madogo mno. Apu ya watu wa miaka 50 na kuendelea, ambao lenzi ya jicho imeshakuwa ngumu haikunji tena kuona karibu, na maandishi unasoma simu ikiwa imenyooshwa mwisho wa mkono. Sina la kuongeza.

Wiki ya saba kuna zoezi la kioo. Unakaa mbele ya kioo dakika kumi unaangalia uso wako bila kuurekebisha, husemi mzuri husemi mbaya, unataja tu, mkunjo, doa, mvi. Nililichukia. Nimalize ukweli, nililifanya dakika nne nikaenda kufua. Wengine kwenye kundi walilia wakasema wamejiona kwa mara ya kwanza, mi nilijiona nina uso wa mama yangu mdogo, ambaye hatukuwa tunaelewana, na hilo hakuna maindifulnesi ya dakika kumi itakayolimaliza. Siku nyingine nikarudi, bado ni yeye. Tunazoeana.

Kwenye somo hilohilo mwalimu alitaja utafiti wa mtafiti wa Marekani, Becca Levy, wa mwaka 2002, watu 660 wa miaka 50 na zaidi, waliokuwa wanauona uzee wao kwa jicho zuri waliishi wastani wa miaka saba na nusu zaidi ya wale wa jicho baya. Darasa zima likashangilia. Mi nikauliza, je, si inawezekana wale wenye afya ndo wanaona uzee mzuri? Akasema swali zuri, watafiti walilizingatia wakapima na afya pia na bado tofauti ilibaki, lakini utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuthibitisha moja kwa moja kipi kimesababisha kipi, na pia haimaanishi mtu aliyekufa mapema alikuwa na mawazo mabaya. Nilimpenda kwa hilo. Mwingine angepokea makofi akaendelea.

Kitu ambacho sikutegemea kukipenda ni kutembea na kusimama. Wanakufundisha kusimama kwa mguu mmoja, unasikia unyayo unavyohangaika kidogokidogo kukuweka wima, kifundo kinacheza, mwili unapigana vita vyake huko chini bila kukuuliza. Kuna utafiti wa 2022, watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75, mmoja kati ya watano alishindwa kusimama sekunde 10 kwa mguu mmoja, na walioshindwa walikuwa kwenye hatari zaidi ya kufa miaka iliyofuata. Usisome hiyo halafu ukaruka kusimama katikati ya chumba peke yako, shika ukingo wa meza. Mi nafanya nikipiga mswaki, asubuhi kulia, usiku kushoto. Wa kushoto naufikisha sekunde saba, siku mbaya tatu, na wala siugombezi, naushusha chini nauinua tena.

Nani aichukue? Kama unalala na kuamka unapambana na umri wako, na una subira ya dakika 45 kwa siku, na uko vizuri kiasi moyoni, chukua, ila liruke tangazo uende moja kwa moja kwenye ratiba na uulize mwalimu ni nani, ana umri gani, amefundishwa wapi. Mwalimu kijana wa miaka 26 anayekufundisha kukubali uzee mi ningerudisha pesa yangu. Kama umefiwa juzi, au umewahi kuwa na hofu kali au msongo mzito, zungumza kwanza na daktari au mshauri, na usikubali siku ya ukimya ambayo haina mtu wa kumpigia. Kama unatafuta kuwa kijana tena, ujana ni moshi, ukienda haurudi, okoa hela yako. Na kama una zaidi ya miaka 55 na hujawahi kupima masikio, huhitaji kozi, tafuta rekodi ya kengele, kaa na mtoto wa miaka kumi, nyanyueni mikono.

Darasa la mwisho mwalimu alirudia kibakuli chake kwa kuagana. Nilikuwa na mashine zangu, wiki ya pili tu nazo. Akagonga. Ikaja ile ngoo, nikaizoea, halafu mahali pale ambapo huwa inaishia haikuishia. Kulikuwa na kitu juu yake, chembamba kama uzi, kinatetemeka, kinakwenda. Sikuhesabu. Nikaja kunyanyua mkono nikakuta wenzangu wanne wameshanyanyua, na yule baba wa kutabasamu alikuwa ananiangalia.